Uso Niliouchora kwenye Ukuta wa Bia

Mwezi uliopita nilikabidhi ufunguo wa stoo ya rangi, na vijana wa karakana wakaniomba niwaandikie ninayoyajua kabla sijayasahau. Walichotaka hasa ni habari za kuchanganya rangi. Hizo nimeziandika kwenye daftari jingine, liko rafu ya juu karibu na makopo ya nyekundu. Hapa naandika mambo mengine. Vyeo nilivyopanda sitavitaja kwa sababu havikuwa vingi, na mshahara mnaujua wenyewe. Nitaandika habari za miaka yangu ya mwanzo, wakati wa Mwingereza, kabla sijaanza kuandika vibao vya barabara. Siku hizo nilikuwa naandika matangazo ya bia kwenye kuta za Tabora na kwenye vituo vidogo vya reli.

Mimi ni mtu wa Ntalikwa, mtoto wa wakulima wa mtama na karanga. Shuleni sikujua hesabu wala historia, ila mwandiko wangu ulikuwa mzuri, na padri aliyetufundisha alimwambia baba kwamba nikipewa jembe mkono huo utaharibika. Baba aliona jembe halijawahi kumharibu mtu, lakini alinichukua hadi mjini, kwa Fundi Hemedi.

Fundi Hemedi alikuwa Mmanyema wa mjini Tabora, mtu mzima, mrefu, mwenye vidole vyembamba. Wakati wa vita alikuwa akiandika namba kwenye magari ya jeshi, na karakana yake ilikuwa nyuma ya ghala la nta, kwa hiyo nguo zetu zilinuka nyuki na tapentaini kwa pamoja. Siku ya kwanza hakunipa rangi. Alinipa brashi na ndoo ya maji, akanionyesha ukuta uliopigwa na jua.

"Andika O," alisema.

Niliandika O kwa maji. Kabla sijafika nilikoanzia, nusu ya kwanza ilikuwa imeshakauka na kupotea.

"Umechelewa. Andika nyingine."

Niliandika O kwa maji kutwa nzima, siku tatu. Siku ya tatu jioni niliifunga moja ikiwa bado mbichi pande zote. Fundi Hemedi aliitazama mpaka ikakauka, akasema, "Kesho njoo mapema." Mkono unaosita huacha alama, na rangi ya mafuta haina huruma kama maji. Nyie mnaotumia herufi za kukata kwa karatasi mnacheka, lakini siku karatasi ikiisha mtanikumbuka.

Vifaa vyake vilikuwa vichache. Uzi wa chaki wa kupigia mstari, fimbo ya mninga yenye kitambaa kichwani ya kuegemeza mkono, na brashi za manyoya ambazo kila jioni alizipaka mafuta na kuzifunga kitambaa kama mtu anayemfunga mgonjwa kidonda. Alinifundisha kunusa ukuta kabla ya kuupaka. Ukuta wenye unyevu unanuka, na ukiupaka utavimba kabla mvua za kwanza hazijaisha. Alinifundisha pia kwamba chokaa haishiki juu ya rangi ya mafuta. Ukitaka kuificha rangi ya mafuta kwa chokaa, jua na mvua vitairudisha yote. Lazima ukwangue.

Kazi iliyotuweka mjini ilikuwa ya bia. Awali sheria ilimkataza Mwafrika kununua bia ya chupa. Sheria ilipolegezwa, kampuni za bia zilitukumbuka ghafla, na kwa mapenzi makubwa. Kwanza walileta vibao vya bati vilivyotengenezwa Ulaya, vyenye Mzungu wa mashavu mekundu akishika bilauri. Vilipigiliwa kwenye maduka na stesheni. Watu wa Tura, kituo kidogo cha reli, walidhani ni tangazo la dawa ya homa, kwa jinsi yule bwana alivyokuwa mwekundu.

Nilimwuliza Fundi Hemedi iweje yeye, mtu wa swala tano, aandike majina ya pombe.

"Mimi naandika herufi," alijibu. "Herufi hazilewi. Lakini bilauri sichori, na mtu sichori. Hao ni wako wewe. Mimi sitaki kesho niulizwe pumzi zao ziko wapi."

Ndivyo picha zilivyoniangukia mimi. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, na nilijiona nimepewa sehemu tamu ya kazi.

Kampuni iliwakilishwa na Mzungu mmoja aliyekuja kwa treni mara kwa mara kutoka Dar es Salaam. Sisi tulimwita Bwana Kofia, maana hatukuwahi kuona nywele zake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa haraka, aliyejifunza Kiswahili kitabuni na kukitumia kama anayepiga simu ya upepo. Siku moja alisimama mbele ya duka la vinywaji la Mgoa mmoja, barabara ya stesheni, akaugonga ukuta kwa fimbo.

"Hapa," alisema. "Sitaki Mzungu. Nataka Mwafrika. Mwafrika wa kisasa. Koti, tai, bilauri. Mkubwa. Kila anayeshuka treni amwone."

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na duka la vitambaa la Mzee Nasoro, Mwarabu ambaye babu yake aliingia Tabora na misafara ya pembe. Barazani kwake alikaa fundi cherehani, jina lake Martini. Alikuwa na umri wa miaka kama thelathini, mtu wa sura nzuri, mtulivu, mwimbaji wa sauti ya chini kanisani kwao. Kwao walikuwa watu wa dini kwelikweli, wasiogusa hata wanzuki, ile pombe ya asali ambayo hapa kwetu hata bibi vizee hunywa bila kujificha. Mkewe, Rahel, alikuwa binti wa mzee wa kanisa wa Bukene. Martini alikuwa na koti moja la kijivu alilojishonea mwenyewe, na lilikaa mabegani kwake kama lilizaliwa naye. Mjini hapa hakukuwa na koti jingine la namna ile isipokuwa kwa mawakili.

Nilivuka barabara, nikamwomba akae nimchore.

"Mimi sinywi, Kalisti. Unajua sinywi."

"Sikuombi unywe. Nakuomba ukae."

"Watu watasema."

"Uso nitaubadilisha. Ninachotaka ni koti, na namna mkono unavyokaa. Nikimaliza, hata mama yako hatakujua."

Alipiga cherehani mshono mzima kabla ya kunijibu. "Na wakiuliza koti limeshonwa wapi?"

"Wataambiwa wageuze shingo watazame ng'ambo."

Hapo akacheka, akakubali. Sikumdanganya wakati ule. Nilisema nililokusudia.

Alikaa siku mbili kwenye ua wa karakana, mkono juu, akishika bilauri ya chai ya rangi, maana chai ya rangi ikipigwa na jua inafanana na bia. Mzee Nasoro alimruhusu kwa sharti kwamba jina la duka lake lisitajwe. Nilimchora kwenye karatasi, nikaigawa karatasi miraba, kisha nikapiga miraba ileile mikubwa ukutani kwa uzi wa chaki. Rangi ya ngozi yetu haikuwepo kwenye kopo lolote. Kampuni ilikuwa imetuletea waridi la mashavu ya Wazungu, makopo manne. Nilihangaika wiki nzima mpaka nikaipata: rangi ya udongo, nyekundu kidogo, na tone moja la kijani. Lile tone la kijani ndilo linaloifanya ngozi iwe na damu chini yake. Hakuna aliyenifundisha.

Nilichora koti kwanza, halafu mkono, halafu uso. Nilipomaliza uso, nilimwongezea masharubu manene na kumpanulia pua, kama nilivyoahidi. Nikashuka ngazi, nikavuka barabara kuutazama kwa mbali. Alikuwa mtu mwingine, na alikuwa kinyago. Yale masharubu yalikaa kama kitu kilichobandikwa. Nilijua kwamba chini ya masharubu yale, rangi ikiwa bado mbichi, kulikuwa na kitu bora kuliko vyote nilivyowahi kufanya kwa mkono wangu.

Nilipanda ngazi. Nililowesha kitambaa kwa tapentaini, nikayafuta masharubu. Nikairudisha pua ilivyokuwa. Haikuchukua muda.

Fundi Hemedi alikuwa chini akimalizia herufi za jina la bia. Aliinua macho.

"Ulimwahidi yule mtu," alisema.

"Nilimwahidi."

"Basi rudisha."

"Bwana Kofia anafika kesho. Hakuna muda wa kukauka."

Aliniangalia, akarudi kwenye herufi zake. Muda ulikuwepo. Yeye alijua na mimi nilijua.

Siku zile Martini alikuwa Bukene, amempeleka Rahel kusalimia wazazi. Alirudi peke yake na treni ya mchana, akatoka stesheni na begi lake, akajikuta ana kimo cha ghorofa, ameinua bilauri ya bia yenye povu. Nilikuwa juu ya ngazi nikigusia kingo. Nilimwona amesimama katikati ya barabara. Mikokoteni ilimpita huku na huku.

"Ulisema hutanifanya mimi," aliniambia nilipomfikia.

"Hawatakujua. Mtu akiwa mkubwa vile hatambuliki."

Kabla ya jioni walikuwa wameshamtambua. Wachukuzi wa stesheni walimpigia saluti. Mlevi mmoja alimletea suruali ya kushona akamwita kwa jina la bia, na jina hilo likamganda. Cherehani yake ilikuwa imeelekea ukuta ule. Kila alipoinua macho kutoka kwenye sindano, alikutana na yeye mwenyewe.

Bwana Kofia alifurahi mno. Alisimama mbele ya ukuta na kofia yake, akasema, "Huyu! Huyu anaishi." Alinishika mkono mbele za watu. Naandika hili ili mjue kwamba nilifurahi. Kwa siku chache nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Tabora.

Wazee wa kanisa la Martini walimwita. Aliwaeleza kwamba bilauri ilikuwa ya chai. Walisema, labda ni kweli, basi alete shahidi. Alinijia karakana.

"Jumapili hii, baada ya ibada," alisema. "Huna haja ya kusema mengi. Sema ilikuwa chai, na sema uliniahidi uso mwingine."

"Nitakuja," nilisema.

Lakini nikisema nilimwahidi uso mwingine, ingebidi niseme kwa nini sikuuchora. Bwana Kofia alikuwa ameagiza picha ileile iandikwe Tura, na kazi ilikuwa ianze Jumatatu. Nilipanda treni Jumamosi. Jumapili ile nilikuwa Tura, nikipiga msasa ukuta ambao haukuhitaji msasa. Wazee walimngoja shahidi, hakutokea, wakamtenga na meza ya Bwana.

Kwa ajili ya Tura nilitengeneza kile mnachokiita kiolezo. Ni karatasi kubwa yenye mistari yote ya uso, imetobolewa matundu kwa sindano. Unaibandika ukutani, unaipigapiga kwa kifuko cha unga wa mkaa, ukiibandua unakuta uso umeshatua. Kazi ya wiki mbili inakuwa ya siku tatu. Nilijivunia sana kiolezo kile. Baada ya Tura, Bwana Kofia alisema, "Sasa Bukene."

Nilijua Bukene ni kwa kina nani. Nilikwenda.

Nilipokuwa nikipaka koti kwenye ukuta wa duka lililotazama reli, mama mmoja muuza karanga alisimama chini ya ngazi na ungo wake kichwani.

"Huyu si mkwe wa Mzee Yakobo?" aliuliza.

"Ni picha tu, mama."

"Ndiyo. Picha ya mkwe wa Mzee Yakobo."

Rahel alikuwa bado kwa wazazi wake, mjamzito. Mzee Yakobo alikuja kuutazama ukuta siku iliyofuata, nami nikiwa nimeshaondoka. Nimesimuliwa kwamba alisimama mbele yake, kisha akaenda nyumbani akamwambia binti yake hatarudi Tabora. Alimwandikia Martini barua fupi. Martini hakunionyesha barua hiyo. Alikuja tu chini ya ngazi yangu, mahali nilipokuwa nikiandika tangazo jingine, akaniuliza jambo moja.

"Hata Bukene, Kalisti?"

Sikushuka. Nilijifanya nafunga mstari wa herufi, akaondoka.

Kunywa kulianza baada ya hapo, na hakukuwa kwa kificho. Kilabuni walimpokea kwa shangwe, wakasema mwenye bia amefika, na hakuna aliyemwacha anunue mwenyewe. Nilimkuta huko siku moja mchana, nikamwambia hapo si mahali pake.

"Nimeadhibiwa kwa kitu nisichokijua," alinijibu taratibu, kama anayenipima suruali. "Nikaona bora nikijue."

Shangwe ya kilabuni haidumu. Watu walichoka kumnunulia, na bia ya chupa ilikuwa ya wenye uwezo. Nadhani ile bia yenyewe, yenye jina lililokuwa juu ya kichwa chake pale ukutani, hakuwahi kuimaliza hata kreti moja. Alishuka kwenye wanzuki, na kutoka wanzuki akashuka kwenye moshi, ile pombe kali ya magendo inayokenekwa porini kwenye mapipa, hakuna ajuaye ndani yake mna nini. Mishono yake ilianza kwenda upande. Mzee Nasoro alimvumilia kuliko ambavyo wengi wangemvumilia. Mara nyingi alimfumulia kazi mwenyewe, na vidole vyake vya kizee, akampa airudie.

Asubuhi moja Martini aliamka, akamwambia mama yake kwamba leo kumekuchwa kabla ya kukucha. Mama alidhani ni maneno ya kilevi. Kumbe macho yalikuwa yamekwenda. Wenzake wawili waliokunywa pipa lilelile walikufa wiki hiyohiyo, kwa hiyo watu walimwambia ana bahati.

Nilikawia kwenda kumwona. Nilipokwenda, nilimkuta kwenye mkeka, ameegemea ukuta, mama yake akimenyea karanga kando. Nilimwamkia mama, "Shikamoo." Alijibu "Marahaba" bila kuinua kichwa. Martini alinijua kwa harufu ya tapentaini.

"Kalisti. Ule ukuta bado upo?"

"Upo."

"Basi utaendelea kuutazama wewe. Mimi nimepumzika."

Nilikaa. Sikujua nianzie wapi, kwa hiyo nilianzia kwenye kitambaa. Nilimwambia jinsi nilivyochora masharubu na jinsi nilivyoyafuta, na kwamba sikuwa na sababu ila kwamba ilikuwa nzuri. Mama yake aliacha kumenya karanga. Martini aligeuza uso kuelekea sauti yangu.

"Nenda Bukene," alisema. "Sema ilikuwa chai."

Nilimwomba ruhusa Fundi Hemedi. "Safari hiyo ilikuwa uifanye zamani," alisema, akanitolea nauli.

Mzee Yakobo nilimkuta uani kwake akichonga mpini wa jembe. Tuliamkiana, akaniletea kigoda, akaniuliza habari za Ntalikwa na za mvua, yote kwa utaratibu. Alipoona nimemaliza maji aliyonipa, alisema, "Sema lililokuleta."

Nilisema yote, pamoja na ile Jumapili ya Tura. Rahel alikuwa mlangoni, mtoto mchanga mgongoni. Mzee Yakobo hakunikatiza.

"Kwa hiyo siku niliyomzuia binti yangu," alisema, "yule mtu alikuwa hajaonja?"

"Hajaonja, mzee."

"Na leo?"

"Leo ni kipofu. Ni moshi."

Aliushika ule mpini kwa mikono miwili, akautazama kama hakumbuki ni wa nini. Rahel aliingia ndani, akatoka na kanga mbili na kikapu, akamwambia baba yake, "Baba, naenda." Yule mzee alisimama, akamshikia kikapu hadi stesheni. Njia ya stesheni ilipita mbele ya ule ukuta. Hakuna aliyeutazama.

Ndani ya behewa Rahel aliniambia sentensi moja tu toka Bukene mpaka Tabora. "Usikae upande wangu, shemeji, mtoto anapata harufu ya rangi."

Martini aliishi mpaka mwisho wa masika yale. Moshi ulikuwa umemla ndani, si macho peke yake. Mtoto alikuwa wa kike, jina lake Tabitha, na nilisikia kwamba kutwa Martini alikuwa akimshika uso kwa vidole, akimpima kama kitambaa. Kanisa lilimrudisha, Mzee Yakobo mwenyewe alikuja kulisemea hilo, na wakamzika kwa nyimbo. Mimi nilisimama nyuma. Mzee Nasoro alisimama karibu nami, nje ya kundi, na alikuwa ameleta lile koti la kijivu, likiwa limepigwa pasi. Alimkabidhi mama yake Martini.

Siku chache baadaye Rahel alikuja karakana. Alisimama mlangoni.

"Ukuta ule uuondoe," alisema. "Na ule wa Tura, na wa Bukene. Usiache hata sikio. Na lile karatasi lenye matundu, lilete hapa nilione likiungua."

Nilileta kiolezo, nikakitia kiberiti mbele yake. Karatasi iliyopakwa mafuta inawaka haraka. Alingoja mpaka ikawa majivu, akaenda.

Niliwaambia huko mwanzo kwamba chokaa haishiki. Nilikwenda na kikwanguo, mchana kweupe, siku ya soko. Ukuta wa barabara ya stesheni ulinichukua siku tatu. Rangi niliyoichanganya kwa tone la kijani ilikuwa imeshika kuliko nilivyotaka. Siku ya kwanza Mgoa alitoka kunikemea, akaona uso wangu, akarudi ndani. Siku ya pili Fundi Hemedi alikuja na ngazi yake na kikwanguo cha pili. Alianza na herufi zake mwenyewe.

Bwana Kofia alipofika, nilikuwa nimeshamaliza Tura na Bukene pia. Aliniuliza kama nina wazimu. Nilijaribu kumweleza habari za Martini, lakini Kiswahili chake cha kitabuni hakikuwa na maneno hayo, au hakuwa na muda. Kazi ya bia ilikwenda kwa fundi mwingine wa Dodoma. Fundi Hemedi alipoteza kazi hiyo pamoja nami, na hakuwahi kunilaumu kwa hilo. Tuliandika majeneza, mikokoteni na mbao za maduka mpaka alipofariki, kisha mimi nikaajiriwa huku kwenu, kwenye vibao vya barabara, ambako hakuna nyuso. Mshale wa kushoto haumtukani mtu.

Miaka mingi ikapita, bendera ikabadilika. Siku moja aliingia hapa karakana mwanamke kijana, mwalimu, amevaa nadhifu. Baadhi yenu mlikuwepo.

"Shikamoo, baba. Naitwa Tabitha, wa Bukene. Marehemu baba yangu alikuwa Martini, fundi cherehani."

Nilimkaribisha kiti. Aliniambia alikuwa hana picha ya baba yake, hata moja. Marehemu hakupata kupigwa picha, na yeye Tabitha alikuwa mdogo mno kumkumbuka. Alisikia kwamba niliwahi kumchora. Aliuliza kama ningeweza kumchora tena, hata kwa penseli, hata kidogo.

Niliomba siku tatu. Nilichora jioni nyumbani, karatasi baada ya karatasi. Mkono ulikwenda wenyewe. Siku ya tatu nilimpa karatasi mbili zilizo bora. Alizitazama muda mrefu, akanishukuru, akaondoka amezishika kwa mikono miwili ili zisikunjike.

Alirudi wiki iliyofuata, bila karatasi.

"Mama ameziona," alisema.

"Amesemaje?"

Alisita. Alikuwa binti mwenye adabu. "Anasema huyu si yeye, ni yule wa ukutani."

Nilimwambia anirudishie nijaribu tena. Alisema mama yake alikuwa ameshazitia jikoni, chini ya chungu.